Deni la Aliyevaa Kinga

Nina mpwa wangu askari. Alipata kuwa katika kikosi cha Tanzania kilichokwenda mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, na aliporudi likizo nilimwomba anieleze juu ya ule mzigo ambao askari wa siku hizi huufunga kifuani. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtu wa chaki. Bunduki naijua kwa kuiona begani mwa mlinzi wa benki. Fulana yenyewe hakuwa nayo, maana ni mali ya jeshi. Basi alichukua mkoba wa shule wa mjukuu wangu, akautundika kifuani, akatia ndani yake kamusi moja nene, somo likaanza.

"Kwanza, Mjomba, hii haikingi mwili mzima," alisema. Kitambaa chake hufumwa kwa nyuzi ngumu za namna ya Kevlar, ambazo Stephanie Kwolek alizigundua huko Marekani mwaka 1965. Nyuzi hizo huweza kuzuia risasi ya bastola na vipande vya bomu, lakini risasi ya bunduki ya vita huzipenya. Ndiyo maana mbele na nyuma hutiwa mabamba magumu, aghalabu ya kauri. Kauri huivunja risasi, na tabaka lililo nyuma yake huvidaka vipande.

Akaipandisha ile kamusi hadi ukingo wake wa juu ukafika penye kishimo cha chini ya koo. Wengine, alisema, huliacha bamba lishuke tumboni kwa kuwa huko haliwasumbui. Kumbe wameukinga utumbo na kuuacha wazi moyo na mishipa yake mikubwa. Aliyepigwa tumboni huenda akafikishwa kwa daktari. Aliyepigwa moyoni ni nadra kufika.

Kisha alichukua ufagio, akaufanya bunduki. Bega la kulia, kinapokaa kitako, lisiwe na kifuko wala bizimu, la sivyo kitako kitateleza na shabaha itapotea. Magazini zikae upande wa kushoto, kwani mkono wa kulia hauiachi bunduki. Wa kushoto ndio unaobadili. Zisirundikwe kifuani tabaka juu ya tabaka, maana askari akilala kifudifudi zitamwinua, na kichwa chake kitaonekana. Magazini moja ya AK yenye risasi 30 hupita robo tatu ya kilo. Ukibeba saba, hesabu mwenyewe. Ukishapanga, usijiamini bado: piga magoti, lala, kimbia, ingia garini na kutoka, ukiwa na bunduki isiyo na risasi, mpaka mkono uzoee njia bila kuuliza macho. Na mkanda wa kubana damu uuweke mahali ambapo mkono wowote utafika.

"Kwa nini mkono wowote?" niliuliza.

"Kwa sababu hujui ni upi utakaokuwa umebaki."

Tulinyamaza. Mjukuu wangu, aliyekuwa akingojea mkoba wake, ndiye aliyevunja kimya. "Na yule unayempiga," aliuliza, "naye ana kamusi?"

Mpwa wangu alicheka, kisha akaacha kucheka. "Wengine wanayo," alijibu. "Mwanakijiji hana."

Swali hilo la mtoto limekaa nami tangu siku ile. Je, kinga humwongezea mwenye nayo haki, au humwongezea wajibu?

Kwamba kinga huongeza ujasiri, hilo halina ubishi. Babu zetu wa Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, waliikabili mizinga ya Wajerumani wakiamini kwamba dawa waliyopewa ingezigeuza risasi kuwa maji, nao wakaangamia kwa maelfu. Hata kinga ya kweli hudanganya. Huko Australia mwaka 1880, jambazi Ned Kelly alipambana na polisi akiwa amevaa deraya ya chuma cha plau yenye uzito wa kilo 44 hivi. Risasi ziligonga kifuani zikadunda. Lakini ile kofia ya chuma ilimfinya macho, uzito ulimlemea, bunduki hakuweza kuielekeza sawasawa, na polisi wakampiga miguuni, mahali pasipo na chuma. Mwaka huohuo alinyongwa.

Lakini waliotajwa hapo wamedhurika wao wenyewe. Mimi nawaza juu ya madhara yanayomfikia mwingine. Tunamruhusu mtu ajitetee, hata kwa kuua, kwa sababu maisha yake yamo hatarini. Basi hatari ikipungua, ruhusa nayo haina budi kupungua. Askari aliyevaa shati tupu, akimwona kijana ametia mkono ndani ya koti, ana kufumba na kufumbua tu. Aliyeko nyuma ya kauri amepewa nukta moja zaidi. Nukta hiyo ni ya nani? Mimi nasema ni ya yule kijana, ambaye huenda anatoa kitambulisho. Askari akiitumia kufyatua upesi zaidi, amekula amana.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo. Hakukasirika, ila alinirekebisha. "Mjomba, usidhani kupanga vizuri ni uchu wa kuua. Anayepapasa ndiye anayepiga ovyo. Ninapojua kila kitu kilipo, moyo hutulia, na ninaweza kungoja." Hapo alinifundisha: mpangilio mwema ndio unaoiwezesha subira.

Kisha aliongeza jambo ambalo sikuwa na jibu lake. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Baadhi yao aliwafahamu. "Risasi zilipokwisha kuanza," aliniuliza, "nukta yako hiyo ningempa nani?"

La hasha, hakuna wa kupewa. Risasi zikianza, aliyeshambuliwa na ajitetee. Deni ninalolisema ni la kabla ya hapo, wakati mtu hajajulikana kama ni adui au ni jirani anayerudi shambani. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wao walikuwa na maana ya vijinga vya moto, lakini naona usemi huo unazifaa hata kinga za siku hizi: pande zote mbili zikivaa kauri, kila mmoja akijiona salama, moto huwaka upesi, na anayeungua ni asiye na kauri.

Asubuhi ya kuondoka nilimwambia, "Mpwa wangu, ukilifunga bamba lako, mkumbuke asiye na kamusi."

"Nitamkumbuka, Mjomba," alisema. "Lakini katika dua zako usiniombee nichelewe."

Tangu hapo namwombea aone vizuri.