SADAKA YENYE MIZIZI

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, wababa, wamama na vijana,

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa sadaka yake. Hata ndege asiyeomba ruhusa anakuongezea thawabu! Basi kwa nini viwanja vya misikiti yetu mjini vibaki na takataka, na jirani analala njaa?

Mtu atasema: "Kiwanja ni kidogo." Mita 20 kwa 30 zinatosha miti mikubwa 6, ya maembe na avoka, ukiacha mita 10 kati ya mti na mti. Katikati weka migomba na mipapai. Chini lengalenga, na matembele yatambae yafunike udongo. Ndivyo msitu unavyoishi: kila mmea na kimo chake, na majani yanayoanguka ni mbolea. Yatima atakula matembele mwaka huu. Mwembe wa mbegu huchukua miaka 5 na zaidi, huo ni wa wajukuu.

Mwingine atasema: "Watu wataiba." Huko Seattle, Marekani, wakaaji wa mtaa mmoja walianza mwaka wa 2012 kupanda bustani kama hii kwenye ardhi ya mji, na mpita njia anaruhusiwa kuchuma. Kilichotolewa kwa wote hakiibiwi. Kinaweza kuchumwa kupita kiasi, na dawa yake ni mapatano.

Hofu ya kweli ni kwamba siku moja mtu atauza kiwanja. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata shamba Khaibar alimwuliza Mtume, kisha akalifanya wakfu: lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe zawadi, faida yake iwe ya maskini, jamaa na wasafiri. Nasi, kabla ya jembe, tushike kalamu. Kwa sheria ya 1973 udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, sisi tunapewa haki ya kuutumia. Basi karatasi ziandikwe kwa jina la jumuiya, si la imamu wala la tajiri.

Leo baada ya sala, kila nyumba ijiandikishe: mche mmoja, na zamu ya kumwagilia wakati wa kiangazi. Kupanda ni kazi ya siku moja. Mti hufa kwa kusahauliwa.

Ee Mola, tujaalie sadaka isiyokatika baada ya kufa kwetu. Amin.