Subira ya Mfanyakazi ni ya Nani?

Kwenye mahubiri ya Jumapili, kwenye hotuba ya Ijumaa, na siku hizi hata kwenye semina za maofisini, mfanyakazi aliyelemewa hupewa jibu lilelile: asubiri. Muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku, mwalimu mwenye rundo la madaftari lisilokwisha, karani wa benki aliyepandishiwa malengo ya mwezi bila kuulizwa, wote huambiwa kuwa subira huvuta heri, kuwa kazi ni ibada, kuwa moyo ukitulia mzigo hupungua. Sina ugomvi na subira. Uislamu na Ukristo vimeipa cheo kikubwa, na mtu asiyeweza kuvumilia chochote hawezi kujenga chochote. Ninachouliza ni hiki: msongo wa kazi ni mtihani wa roho ya anayeifanya, au ni deni la aliyempa kazi hiyo? Naamini ni vyote viwili, lakini deni hutangulia. Anayeanza na mtihani na kuliacha deni, hata akiwa na nia njema, anaitumia dini kumlinda asiyestahili kulindwa.

Katika sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka, kwenye Biblia, Musa anaketi kuwaamua watu tangu asubuhi hadi jioni, na watu wamesimama kumsubiri. Mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, anamtazama na kumwambia kuwa anachofanya si kizuri, atachoka yeye na watu wake pia. Kama kuna mtu ambaye angeweza kuambiwa aongeze sala, ni huyu aliyesema na Mungu. Yethro hamwachishi wajibu wake mbele za Mungu, ila dawa anayompa ni mpangilio wa kazi: achague watu waadilifu wanaochukia rushwa, awaweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, waamue mashauri madogo wenyewe, naye aletewe yaliyo magumu. Kisha linakuja jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Yethro anasema kwamba ikifanyika hivyo, na Mungu akiagiza, ndipo Musa ataweza kustahimili. Ustahimilivu hapa ni tunda la kazi iliyogawanywa. Haukuombwa ili ushike nafasi ya mgawanyo huo. Hata nabii Eliya, alipolala chini ya mti wa mretemu akiomba afe, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji, tena mara mbili. Maswali yalikuja baadaye, huko mlimani Horebu.

Wakuu wa makumi walipewa pia mamlaka ya kuamua, na hapo utafiti wa siku zetu unakutana na ushauri wa Yethro kwa namna ya kushangaza. Kuanzia mwaka 1985, watafiti wakiongozwa na Michael Marmot waliwafuatilia watumishi wa serikali 10,308 jijini London. Hawa hawakuwa vibarua wa machimboni. Walikuwa watu wa ofisini, wenye mishahara ya uhakika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa waliokuwa na sauti ndogo juu ya kazi yao, wasioamua wafanye nini wala lini, waliugua zaidi maradhi ya moyo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani nalo liliueleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa zao la msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa, na likautambua kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo uliokata tamaa, na kuona kwamba huna tena unachokiweza. Dalili ya pili ndiyo wakubwa wa kazi huiita uvivu au kukosa ari. Mtu aliyependa kazi yake hujitoa kimoyo ili asivunjike zaidi, kisha huitiwa semina ya kurudishiwa ari, na ratiba ya zamu inabaki ilivyokuwa.

Tukienda upande wa Kurani, Musa huyohuyo tunamkuta akiwa mwajiriwa. Katika Surat al-Qasas, mzee wa Madyan, ambaye wafasiri wengi humtaja kuwa Nabii Shuaib, anamwajiri kwa miaka minane, na akikamilisha kumi, hiyo ni hiari yake. Mwajiri anaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Ukomo wa kazi unatamkwa mwanzoni, ziada inaachwa kuwa ihsani ya mfanyakazi, na ahadi ya kutomlemea inatoka kinywani mwa mwenye mali. Hadithi sahihi za Mtume zinakataza kuwabebesha watumishi wasiyoyaweza, na kama ni lazima, mwenye kuwabebesha awasaidie. Mwanazuoni Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya, alikwenda mbali zaidi: subira nayo ina hukumu zake, ipo ya wajibu na ipo ya haramu, na anayenyamaza huku mkono wake au wa mwanawe ukikatwa kwa dhuluma hana thawabu ya subira hiyo. Kwa mizani hiyo, sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, yenye ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28, imeyaandika kwa lugha ya serikali mambo ambayo dini ziliyajua zamani.

Wapo watakaosema: shukuru una kazi, vijana wamejaa getini wakiitafuta nafasi yako. Ni kweli wamejaa, na hofu hiyo ndiyo inayowafunga watu midomo. Lakini wingi wa wasio na kazi hauufanyi mzigo wa mwenye kazi kuwa halali. Unamwongezea mwajiri nguvu, na kwa hiyo unamwongezea dhamana. Wengine hudai kuwa tabu humkomaza mtu. Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa, aliacha kufundisha kwa muda akafanya kazi viwandani kuanzia Desemba 1934 hadi Agosti 1935 ili aijue tabu hiyo kwa mwili wake. Alichokiona ni kuwa uchovu na amri za kila dakika humfanya mtu mnyonge, asiyeweza hata kufikiri.

Pingamizi zito zaidi ni la Epiktetosi, mwanafalsafa wa kale, aliyefundisha kuwa ya nje hayako mikononi mwetu, yetu ni namna tunavyoyapokea. Na kweli, katika ofisi moja, chini ya bosi mmoja, huyu huvunjika na yule husimama. Imani, sala, wenzake wa zamu na maana anayoiona katika kazi yake vina uzito. Siwezi kulikana hilo, wala sitaki. Lakini Epiktetosi aliwahi kuwa mtumwa. Maneno yale yakitoka kwake ni uhuru. Bwana wake angeyasema kwa mtumwa wake, yangekuwa ukatili. Subira ni mali ya anayesubiri: anaweza kuitoa kwa ajili ya Mungu, wagonjwa au wanafunzi, lakini anayefaidika nayo hana haki ya kuidai. Najua zahanati ambazo hazina muuguzi wa pili, na mganga mfawidhi wa zahanati kama hiyo hawezi kumuumba. Huyo naye amelemewa. Hata hivyo anaweza kuuliza, kuwaachia wauguzi wapange zamu zao, kuingia zamu mwenyewe, na kuandika kwa walio juu yake mpaka wachoke kumsoma.

Kwa hiyo, sheikh, padri, mchungaji: ukialikwa kuzungumza na wafanyakazi juu ya subira, omba kwanza kuonyeshwa ratiba ya zamu na orodha ya likizo. Ukikuta miaka miwili hakuna aliyepumzika, omba kuzungumza na mkurugenzi.