Chubwi za Mtongwe

Mvuvi wa kisa hiki simpi jina, maana kazi aliyoifanya wanaifanya wengi pwani nzima. Wavu wake ulihitaji chubwi, chubwi za dukani zina bei, na uani palikuwa na betri kuukuu ya gari. Akaipasua. Tindikali akaimwaga mchangani, mabamba ya risasi akayatia kwenye sufuria chakavu juu ya mafiga. Risasi si kaidi kwa moto: nyuzi 327 za Selsiasi tu nayo ishayeyuka. Akaimimina kwenye vishimo vya mchanga mbichi, na jioni ile wavu ukapata uzito wake. Miezi ikipita, akirudia.

Kitindamimba wake alikuwa akicheza papo hapo, akichora ngalawa mchangani kwa kidole, kisha kidole akikitia kinywani kama watoto wote.

Mtoto akaanza kulia tumbo. Zahanati wakampa dawa ya malaria, safari ya pili dawa ya minyoo. Nyanya yake ndiye aliyemvuta kope la chini akaangalia. "Mwanangu," akamwambia mvuvi, "mtoto huyu hana damu. Tazama, ndani mweupe kama karatasi." Wakamnunulia vidonge vya kuongeza damu, wakamchemshia mchicha. Damu haikupanda.

Haikupanda kwa sababu chuma hakikuwa kimepungua. Ndani ya chembe zinazounda damu mna kimeng'enya kinachoitwa ALAD, fundi anayeunganisha vipande vya kujengea hemu, ile sehemu ya damu inayoshika chuma. Fundi huyu hafanyi kazi bila zinki. Risasi ikiingia huing'oa ile zinki na kukalia nafasi yake, na kazi husimama. Mchicha ulileta chuma kila siku, lakini aliyepaswa kukipokea alikuwa amefungwa mikono.

Jambo linaloniuma ni hili: kimeng'enya kile kiliitambua risasi mapema, hata kabla mtoto hajalia tumbo. Mwili wa mtoto ulikuwa ndio kipimo, wala hapakuwa na wa kukisoma.

Kuna njia ya kukitoa kipimo cha aina hiyo mwilini na kukiweka mezani. Kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari inaijua nusu yake. Mashine ile ya kutoboa kidole ina kimeng'enya kwenye ukanda wake. Kimeng'enya huvunja sukari, umeme mdogo hutokea, nambari ikaonekana. Asili yake ni wazo la Leland Clark na Champ Lyons, Wamarekani, la mwaka 1962. Chombo cha namna hii huitwa baiosensa. Kwa sumu, mara nyingi hesabu hugeuzwa: unakipa kimeng'enya kazi, unatia maji au chakula unachokishuku, kisha unapima kazi imepungua kiasi gani. Dawa nyingi za kuulia wadudu wa mboga hukamatwa hivyo, kwa kimeng'enya kilekile cha mishipa ya fahamu ambacho dawa hizo hukiziba ndani ya mdudu, na ndani ya mlaji pia.

Tusikifanye mganga. Kimeng'enya kilichozimwa hakisemi aliyekizima ni nani. Joto la pwani laweza kukiua ndani ya pakiti na kukupa hofu ya bure, kwa hiyo lazima kijaribiwe kwanza na maji safi, na jibu lithibitishwe maabara. Kwa risasi hasa, mwaka 2000 Jing Li na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua njia nyingine: uzi wa DNA unaofanya kazi kama kimeng'enya. Huu risasi haiuzimi, huuamsha. Risasi ikigusa, uzi hukata mwenzake na mwanga ukatokea.

Ng'ambo ya maji kutoka Mtongwe kwa mvuvi wetu, huko Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa, watu hawakuonywa na mwanga wowote. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba zao. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009. Mwanawe aliyekuwa akinyonya akaugua, akatibiwa maradhi mengine hadi damu yake ilipopimwa risasi. Kiwanda kilikoma mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaithibitisha. Tangu moshi wa kwanza, vipimo vilivyokuwapo vilikuwa watoto.

Mvuvi wetu naye alikuja kujua kwa tone la damu, baada ya daktari mmoja kumuuliza: "Baba, nyumbani mnayeyusha nini?" Sufuria haiko tena uani. Mchanga upo, mvua za masika huosha majani, risasi huiacha palepale, na iliyoingia mifupani hukaa miaka mingi.

Mtoto sasa ana miaka saba. Mwalimu asema herufi alizozijua jana, leo hazipo. Na babake akitupa wavu, chubwi zile zashuka moja kwa moja hadi chini.