Bepari ni Nani?

Waingereza wana kiambishi cha mwisho wa neno, "-ist", kilichotoka kwa Wagiriki. Asili yake kilitaja mtendaji. Ushahidi tunao wenyewe: "kubatiza" ni kitenzi cha Kigiriki kilichovaa kanzu ya Kiswahili, na Yohana wa kwenye Biblia tunamwita Mbatizaji, yaani mtu anayebatiza. Lakini Mbaptisti je? Neno ni lile lile la Kigiriki, ila limetufikia kupitia Kiingereza, na Mbaptisti aweza kuishi hadi kufa bila kumbatiza mtu. Wa kwanza ametajwa kwa tendo lake, wa pili kwa kundi lake.

Tofauti hiyo si ya sarufi tu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, watu wa "-ist" walijaa katika siasa zetu na katika masomo ya Chuo cha Kivukoni. Muumini wa ujamaa aliitwa mjamaa. Mkoloni mpenda kutawala nchi za wengine aliitwa beberu, yaani mbuzi dume. Mwenye mtaji aliitwa bepari, neno lililokuja na Wahindi, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara basi. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, yule mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza akawa wengi: Mabepari wa Venisi. Sidhani kama wingi ule ulikuja kwa bahati mbaya.

Sasa fikiri, ndugu msomaji, msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Mtu akiitwa mlanguzi, unaweza kuuliza: amelangua nini, lini, kwa bei gani? Jina lenyewe linadai ushahidi, na mwenyewe akiacha kulangua, jina halimhusu tena. Akiitwa bepari, utauliza nini? Duka analo, linaonekana.

Najua nitajibiwa kwamba unyonyaji ni mfumo, hauhitaji mtu katili. Kweli. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha bila kuuliza kama anawaonea wapangaji, na mimi naona lilikuwa na haki. Lakini kukataza jambo ni kitu kimoja, na kumpa binadamu jina lisilo na mlango wa kutokea ni kitu kingine.

Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kililegeza masharti yale, na neno bepari likaanza kunyamaza. Mwenye duka yule yule leo ni mwekezaji, au mjasiriamali. Hapo nako hatuulizi ushahidi: ujasiri upi? Kijana muuza mitumba wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akikaa semina huitwa mjasiriamali. Akirudi barabarani na mzigo begani ni mmachinga, kwa jina la watu wa Lindi, hata kama kwao ni Singida.