Heshima Iliyoegeshwa Chini ya Mwembe

Hebu nikuulize, ndugu msomaji: kitu cha marehemu hutunzwa kwa kuachwa au kwa kutumiwa?

Babu yetu wa Nachingwea aliacha Landrover 109 ya dizeli. Alipofariki, bibi akaificha funguo kwenye sanduku lake la kanga. "Asiiguse mtu. Hiyo ndiyo heshima ya babu yenu." Miaka sita ikalala chini ya mwembe. Sisi wajukuu wa Dar tukija likizo tunaifuta vumbi, tunapigia picha, basi.

Usiku mmoja wa masika jirani akashikwa na uchungu wa kujifungua. Bibi mwenyewe ndiye aliyeitoa funguo. Betri tuliazima. Starti ikazunguka, injini kimya. Tukasukuma, wapi! Mwisho yule mama akapakiwa kwenye baiskeli. Yeye alipona, mtoto hakupona. Sisemi kwamba gari ingemwokoa, hilo Mungu ndiye ajuaye. Lakini tangu siku ile neno "heshima" linanikwama kooni.

Fundi alikuja kutoka Ruangwa. Neno lake la kwanza: "Msipige tena starti." Akafungulia tangi. Yakatoka maji, kutu, na utelezi mweusi kama mlenda uliochacha. Akatufundisha: tangi likiachwa nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji, maji huzama chini ya dizeli, na vijidudu huota hapo katikati. Filta inaziba, pampu inashika kutu, nozeli zinaganda. Na dizeli isipopulizwa kama ukungu haiwaki, hata usukume mpaka Lindi. Akasafisha tangi, akabadili filta, akazipima nozeli moja moja, akatoa upepo kwenye mabomba. Jioni ikanguruma. Bibi akalia.

Utasema: kumbe dawa ni kutumia tu! Taratibu, mshikaji. Ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947 ukafika mpaka Nachingwea, ulinunua matrekta makuukuu, masalia ya vita, mengine kutoka Ufilipino. Yakatiwa kazini kwa pupa, mengi yakafa upesi. Mwaka 1951 mradi wenyewe ukafutwa.

Kwa hiyo kuacha si kutunza, na pupa si kutumia. Babu aliinunua Landrover ibebe watu. Kuisimamisha ilikuwa kuitunza huzuni yetu, siyo heshima yake. Heshima yake ilikuwa kazi: kumwaga maji ya tangi, kubadili filta, kuiwasha mara kwa mara, na kumbeba jirani.

Siku hizi Jumamosi bibi ndiye anayegomba: "Mmeshaiwasha?"

Nami nina daftari la hadithi nililolifungia sandukuni, eti ziive. Juzi nililifungua, nikasoma ukurasa mmoja, nikanyamaza. Nimeanza kumwaga maji.

Na wewe mwenzangu, umeegesha nini?