Mwana, Wembe na Motokaa

Wahenga walisema kuwa mwana akililia wembe apewe. Methali hii hutajwa sana na mzazi aliyechoka kukataza. Maana yake ni kwamba maonyo yakishindwa, jeraha litafundisha, na ya kwamba mtu hajui ukali wa kitu mpaka kimemkata. Hekima imo ndani yake, lakini ni hekima yenye mpaka. Wembe humkata anayeushika. Damu ikitoka, hutoka katika kidole kilichokuwa na tamaa, na kovu hubaki kwa mwenye kosa. Vyombo vyenye uadilifu wa namna hiyo ni vichache, na motokaa si kimoja katika hivyo. Kijana akiiendesha vibaya, yamkini atakayeumia ni mpita njia aliyekuwa akivuka na kikapu chake, ambaye hakulilia kitu, wala hakuombwa ruhusa na mtu.

Kijana wa miaka 16 au 17 anayewataka wazazi wake wamruhusu kuigeuza motokaa, aongeze nguvu ya injini, alishushe bodi karibu na ardhi, abadilishe bomba la moshi mpaka lingurume, huonekana kuwa anaomba jambo dogo la nyumbani. Wengi hulitazama ombi lake kama ombi la nguo ya sikukuu: likikubaliwa, furaha, likikataliwa, uso wa kununa kwa siku mbili. Walakini ndani ya ombi hilo mna swali lisilo dogo. Ushawishi wa haki ni upi, na ruhusa ya kweli hutolewaje?

Swali hili lilipata umbo la wazi katika California ya kusini, nchini Marekani, katikati ya karne ya 20. Kampuni ya Ford ilikuwa imetengeneza motokaa zaidi ya milioni 15 za namna ya Model T tangu mwaka 1908 hata 1927. Motokaa zilizokuwa kuukuu zikawa rahisi, na kijana mwenye kazi ndogo baada ya masomo aliweza kununua moja. Injini ya Model T ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Mwaka 1932 Ford ikatoa injini ya silinda 8 yenye nguvu za farasi 65, nayo baada ya miaka michache ikapatikana katika marundo ya vyuma chakavu. Vijana waliing'oa huko, wakaitia katika motokaa nyepesi, wakavua madigadi na boneti ili kupunguza uzito, kisha wakaenda kupimana mbio juu ya maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, kama Muroc. Mwaka 1937 vikundi vyao viliungana katika Southern California Timing Association. Baada ya vita vya 1939 hata 1945 wengi walirudi wakiwa na ufundi walioupata jeshini, idadi yao ikazidi, na Januari 1948 gazeti lao, Hot Rod, likaanza kutolewa Los Angeles.

Ni kosa kudhani kuwa kilichowasukuma kilikuwa kiburi tu. Mtoto huishi katika nyumba asiyoijenga, hula chakula asichokilima, huitwa kwa jina asilolichagua. Hana kitu ambacho hakutoka kwa mwingine. Siku anapokaza parafujo ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na chombo kikatii, huonja kwa mara ya kwanza utamu wa kuwa sababu ya jambo. Mkulima anaufahamu utamu huo, seremala anaufahamu, na mtunga mashairi anaufahamu. Mzazi anayeita tamaa hiyo upumbavu amesahau namna yeye mwenyewe alivyopata kuwa mtu mzima.

Wala si haki kudhani kuwa hofu ya wazazi ilikuwa uzee tu. Si vijana wote waliokwenda jangwani. Wengine walishindana usiku katika njia za miji, mbele ya nyumba za watu. Mwaka 1955 filamu ya Rebel Without a Cause iliwaonyesha vijana wakikimbiza motokaa za wizi kuelekea genge. Na James Dean, mchezaji wake mkuu, alikufa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo, kabla filamu haijaonyeshwa, katika motokaa yake ya mashindano, naye alikuwa na miaka 24. Mama aliyesoma habari hizo, kisha akasikia mlio wa injini nyuma ya nyumba yake, hakuhitaji kufundishwa hofu.

Basi pande zote mbili zina neno la kweli. Mmoja anataka kukua. Wa pili anataka akue akiwa hai. Ugomvi wao si wa wema na ubaya, bali wa wema na wema, na ugomvi wa namna hiyo ndio mgumu kuamuliwa.

Ziko njia tatu ambazo kijana huweza kuzifuata. Ya kwanza ni kung'ang'ania. Huomba asubuhi, huomba jioni, hununa, hukataa chakula, hufanya nyumba isikalike mpaka wazazi wauze utulivu wao kwa neno la ndiyo. Njia hii haimshawishi mtu, humchosha tu. Neno linalotoka katika kinywa kilichochoka si hukumu ya akili, na kijana aliyeshinda kwa njia hii amejifunza kuwa watu hushindwa kwa usumbufu. Atalitumia somo hilo kwa mkewe, kwa jirani zake na kwa wakubwa wake wa kazi, na huenda likamharibia maisha zaidi kuliko motokaa.

Njia ya pili ni kuficha. Kijana huomba ruhusa ya kubadilisha magurudumu, akanyamaza juu ya injini. Husema kuwa bomba jipya litapunguza matumizi ya petroli, hali anajua kuwa alitakalo ni sauti. Huenda hasemi uwongo hata mmoja. Hupanga kweli ndogo mbele ya kweli kubwa, kama mchuuzi apangavyo machungwa mazuri juu ya yaliyooza. Ruhusa iliyopatikana hivyo si ruhusa. Mtu hawezi kukubali jambo asilolijua. Mzazi aliyedanganywa hakutoa kitu. Amenyang'anywa, na kilichotumiwa kumnyang'anya ni imani yake mwenyewe kwa mwanawe. Wizi wa fedha hulipika. Wizi wa imani ni shida kulipa, kwa kuwa malipo yenyewe hayawezi kuaminiwa.

Njia ya tatu ni kuweka jambo lote mezani, pamoja na sehemu yake ya hatari. Hapo habari ya breki ina mafunzo. Motokaa za Ford zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1939 zilisimamishwa kwa breki za fito na nyaya. Mwaka huo ndipo Ford ilipozitia breki za mafuta. Kijana aliyeitia injini ya farasi 65 mahali pa injini ya farasi 20 alikuwa ameongeza nguvu ya kwenda zaidi ya mara tatu, bila ya kuongeza nguvu ya kusimama hata chembe. Na maumbile hayana huruma katika hesabu hii: mwendo ukiwa mara 2, masafa ambayo motokaa huhitaji mpaka isimame, tangu breki zinapokamata, huwa mara 4. Mafundi wenye busara miongoni mwa vijana wale walilijua jambo hili. Walitafuta breki za mafuta katika motokaa zilizovunjwa, wakazifunga katika motokaa zao za zamani.

Ichukuliwe kuwa wako ndugu wawili wenye motokaa za namna moja. Mmoja amwambia babaye, "Baba, nataka injini kubwa." Wa pili asema, "Baba, nataka injini kubwa, lakini kwanza nataka breki zitakazoweza kuizuia. Hii ndiyo hesabu ya gharama, na haya ndiyo mambo nisiyoyajua bado." Wote wawili wana tamaa ile ile. Tofauti ni kuwa wa pili amekwisha kukaa katika kiti cha baba, akaitazama hatari kwa macho ya baba, kabla hajamwomba baba akae katika kiti chake. Kushawishi kwa haki ni huko. Si kumtoa mtu katika hofu yake, bali ni kuibeba hofu yake pamoja naye mpaka ijulikane ni kiasi gani cha kweli kilichomo ndani yake.

Yaweza kusemwa kuwa hata hii ni hila. Kijana mwerevu akijua kuwa neno la breki huwalainisha wazee, ataanza na breki kama mvuvi aanzavyo na chambo. Pingamizi hili ni la kweli, na hakuna hoja iwezayo kuliondoa kwa maneno. Lakini liko jaribio la vitendo. Baba na akubali breki, akatae injini, angaa kwa mwaka mmoja. Yule ambaye breki zilikuwa chambo chake ataziacha sakafuni pamoja na spana. Yule aliyezitaka kwa kweli atazifunga, kwa sababu motokaa yake ya sasa nayo hupita mbele za watu. Hoja ya mlaghai hufa siku anapopata alitakalo, au siku anaponyimwa. Hoja ya mwaminifu huendelea kumfunga mwenyewe katika hali zote mbili.

Pingamizi jingine hutoka kwa kijana. Husema, "Motokaa ni yangu; nimeinunua kwa jasho langu; kwa nini niombe?" Jasho ni lake kweli, na chuma ni chake. Njia si yake. Tena hata sheria huko California haikuliachia jambo hili lielee. Mtu aliye chini ya miaka 18 hapewi leseni mpaka wazazi au walezi wake watie sahihi katika ombi lake. Na kwa sahihi hiyo sheria huwabebesha dhima ya madhara atakayoyafanya kwa kuendesha, kwa kadiri iliyowekwa. Sheria hiyo hiyo huwapa uwezo wa kuomba leseni ifutwe. Katika sahihi moja mna mambo mawili ambayo hayafai kutenganishwa: mwenye kubeba lawama awe na neno, na mwenye neno abebe lawama. Kijana anayetaka neno lote bila ya lawama, na mzazi anayetaka neno lote bila ya kueleza sababu, wote wawili wameipasua karatasi hiyo katikati.

Maana wazazi nao wana makosa yao. Yuko akataaye bila ya kusikiliza, akidhani kuwa heshima yake hupungua akitoa sababu. Huyo humfundisha mwanawe njia ya pili, njia ya kuficha, kwa kuwa mlango ukifungwa daima, mwenye haja hutafuta dirisha. Yuko akubaliye ili apendwe. Huyo hununua tabasamu la leo kwa mali isiyo yake, yaani usalama wa wapita njia. Na yuko akubaliye ili baadaye aweze kusema, "Ulitaka mwenyewe." Huyu ndiye mwenye methali ya wembe mdomoni, na kosa lake ni kubwa kuliko yote, kwa kuwa amelijua jambo kuwa baya akaliruhusu.

Yaliyotokea nyumbani yalitokea pia mijini. Miji ilikuwa kama mzazi, na vijana wa motokaa walikuwa kama mwana. Mwaka 1950 kiwanja cha mashindano kilifunguliwa katika uwanja wa ndege wa Santa Ana, na mwaka 1951 Wally Parks alianzisha National Hot Rod Association, iliyoweka kanuni za usalama na kuzikagua motokaa kabla hazijashindana. Baadhi ya maofisa wa polisi waliunga mkono, kwa sababu walionyeshwa mahali pa kwenda badala ya kuelezwa tu uzuri wa mwendo. Mashindano ya njiani hayakwisha kwa hayo. Hata hivyo palikuwa na jambo ambalo halikuwapo kwanza: kijana aliweza kuambiwa "hapana" kwa njia ya mjini na "ndiyo" kwa kiwanja, na makatazo yanayoonyesha pa kwenda hutiiwa kuliko yale yanayofunga pande zote.

Limebaki jambo zito kuliko yote. Ikiwa ruhusa ilitolewa kwa haki, breki zikafungwa, hesabu ikafanywa, na hata hivyo siku moja mtu akagongwa, ni nani mwenye kosa? Mzazi hutamani kusema, "Aliomba yeye." Mwana hutamani kusema, "Waliniruhusu." Kila mmoja huitazama ruhusa kama daraja ambalo lawama hulivuka kwenda upande wa pili. Haivuki. Ruhusa haihamishi dhima kutoka bega moja kwenda jingine. Huongeza bega la pili chini ya mzigo ule ule, na bega la kwanza halipati nafuu. Aliyeomba atajibu kwa kuwa aliomba, na aliyekubali atajibu kwa kuwa alikubali.

Anayelifahamu hilo kabla ya kuomba ataomba kwa namna nyingine, na anayelifahamu kabla ya kujibu atajibu kwa namna nyingine. Huenda jibu likawa ni hapana, na hapana hiyo ikawa ya haki. Mwana aliyekataliwa baada ya kusikilizwa bado ana kitu mkononi: amejua hofu ya wazazi wake ina sura gani, nao wamejua kuwa mwanao aweza kuaminiwa kusema kweli inayompinga mwenyewe. Motokaa itasubiri, maana chuma hakina haraka. Na mwana akililia wembe tena, yafaa aulizwe kwanza atamnyoa nani, na kama yule atakayenyolewa amekubali kuinamisha kichwa.