Damu ya Mtoto Haimshtaki Mama



Kuna jambo linalojirudia tukikaa pamoja baada ya ibada. Mama amempeleka mtoto wa mwaka mmoja kliniki hapa Marekani, mtoto ametobolewa kidole, na jibu limetoka: damu iko chini. Mama anarudi na dawa, na anarudi na aibu pia. "Wanafikiri simlishi mwanangu." Safari ijayo anatafuta sababu ya kutokwenda. Nasi tunamtuliza: mtoto mbona ana mashavu, anacheza, ni mzima tu!

Tujiulize, je, huo ni upendo, au tunalinda heshima yetu na mtoto ndiye anayelipa?

Madaktari wa watoto hapa wanashauri kila mtoto apimwe himoglobini akifika karibu miezi 12, wa mwenyeji na wa mgeni. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama yake. Baada ya miezi 6 hivi akiba hiyo imepungua sana, na huo ndio wakati ubongo wake unakua mbio. Upungufu huanza kimyakimya, hata jicho la mama halioni. Mara nyingi chanzo ni wema wetu wenyewe. Kwetu maziwa ni baraka, basi tunampa chupa baada ya chupa. Lakini maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na yakizidi vikombe 3 kwa siku humshibisha mtoto akakataa chakula.

Himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni onyo, wala si hukumu. Haisemi sababu. Huenda ni chuma, huenda ni ugonjwa wa kurithi kama selimundu. Ndiyo maana daktari huweza kuomba damu ya mshipa apime feritini, yaani akiba ya chuma. Homa hupandisha feritini, ikaonekana akiba ipo kumbe haipo. Basi tumwambie daktari kama mtoto aliugua wiki hiyo.

Kisha kuna kipimo cha pili, wiki 4 hivi baada ya kuanza dawa. Himoglobini ikipanda gramu 1, dawa inafanya kazi. Hapo wengi wetu tunaacha: mtoto amechangamka, tena choo chake kimekuwa cheusi, tunaogopa. Lakini damu hupanda kwanza, akiba hujaa baadaye, hivyo dawa huendelea miezi 2 au 3 zaidi. Na kama tuliruka siku kadhaa, tuseme. Tukificha, daktari atatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Wazee walitufundisha kwamba damu ni uhai, haichezewi. Ni kweli. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hawezi kusema, "Mama, nachoka." Tone lile la damu linasema kwa niaba yake. Tukikataa ili asilie dakika moja, au ili sisi tusione haya, tumemziba mdomo.

Basi mama akirudi na jibu la damu, tusimuulize, "Kwani unampikia nini?" Tumuulize kipimo kijacho ni lini, na nani atampeleka. Kiingereza kikimshinda, tumkumbushe kuomba mkalimani kliniki. Ni haki yake, na halipi kitu.